Paa la Mama Lililogeuka Rafu

Mabati ya mama yalikuwa yameegemezwa nyuma ya kitanda chake tangu tulipohamia kijijini, na kila aliyeingia kumsalimia mama aliyasalimia na yenyewe. Watu waliyagonga kwa ukucha, wakasikiliza, kisha wakasema, "Haya, nyumba ipo." Nyumba haikuwepo. Kilichokuwepo ni kibanda cha miti na udongo, na juu yake nyasi fupi, kwa sababu watu wa mlima mzima wa Itiryo walihamishiwa sehemu moja kwa wakati mmoja, na wote tulitaka nyasi za kuezekea wiki zilezile. Sisi tulichelewa. Tulikata zilizobaki.

Mabati hayo yalitokana na fahali. Dada yangu alipoolewa, ng'ombe waliokuja waliingia upande wa mama, maana kwetu ng'ombe wa binti ni wa nyumba iliyomzaa, na hata baba hawezi kumtoa mmoja bila mama mwenye nyumba hiyo kusema neno. Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alimwomba mama fahali mmoja. Mama akasema, "Chukua, lakini arudi akiwa paa." Fahali akaenda mnadani, akarudi akiwa mabati ya migongo, mapya, yanang'aa mpaka kuku waliogopa.

Yangekuwa yamepanda juu zamani, lakini viwanja vilipimwa, vikapimwa tena, na kila mara mstari wetu ulisogea. Tata hakutaka kuezeka nyumba halafu aambiwe aibomoe. Kwa hiyo tukasubiri kwenye kibanda. Mama ana kifua. Kikilowa, anakohoa mpaka anashika ukuta. Mvua ya kwanza tulipohamia ilimlaza, na bibi, yaani mama yake Tata, alimkanda kwa majivu ya moto yaliyofungwa kwenye kitambaa. Basi wote nyumbani tulijua kwamba mabati yale yalitakiwa yawe juu kabla ya masika. Hata mimi niliyekuwa bwenini nilijua. Mawingu yakijikusanya shuleni, nilikuwa naacha kumsikiliza mwalimu.

Nilirudi likizo nikakuta Tata ana ile hali yake. Anakula bila kuangalia chakula. Anachora ukutani kwa mkaa. Mama akipita na ndoo anamwambia, "Samahani fundi, nipite kwenye karakana yako."

Tata ni fundi wa bati. Alijifunza kazi Migori, ng'ambo ya mpaka, kwa fundi mmoja aliyemfanya akunje koroboi mpaka vidole vikawa vyeusi. Anatengeneza karai, ndoo, mifereji ya mvua, vipimio vya mafuta ya taa. Lakini kule Migori aliwahi kuliona duka kubwa ambalo vitu vyake vimepangwa wazi, mteja anaona kila kitu, na jambo hilo halikumtoka kichwani. Sasa duka la kijiji lilikuwa limempa sababu. Rafu zake za mbao ziliingiliwa na mchwa. Gunia la chumvi lilizama usiku mmoja, likakutwa chini, na mchwa wakapanda mpaka kwenye kanga. Mwenyekiti wa kijiji akamwita Tata akamwambia, "Fundi, tufanyie kitu ambacho mchwa hana meno ya kukila."

Bati la kununua halikuwepo Tarime yote. Lilikuwepo nyuma ya kitanda cha mama.

Nilikuwepo siku aliyomwambia. Mama alikuwa anapepeta ulezi, bibi ameketi karibu na kopo lake la ugoro.

"Mama watoto," Tata akasema, "yale mabati."

"Yapo."

"Nilikuwa nafikiri."

"Nimekusikia ukifikiri toka jana. Kitanda kizima kilikuwa kinafikiri."

Tata akaeleza. Mwenyekiti amesema mgao wa mabati unakuja wilayani. Akitumia haya sasa kwa ajili ya duka, mgao ukifika, nyumba ya kwanza kuezekwa ni ya mama. Na tena kuna kiongozi mkubwa wa wilaya atakuja kukagua maduka ya vijiji. Akizipenda rafu, labda zitatakiwa kila kijiji, na bati litakuja lenyewe.

Mama akaendelea kupepeta. "Mgao ni wingu," akasema. "Unaliona. Hujui litanyesha kwa nani."

"Sema neno basi."

"Neno nilisema siku ya fahali."

Bibi akacheka puani. Huwa ananiita mke mwenzake, kama bibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Akanigeukia: "Unaona, mke mwenzangu? Baba yako anataka kuezeka chumvi."

Tata hakugusa mabati siku hiyo. Hawezi. Lakini kesho yake akaja mwenyekiti mwenyewe na wajumbe wawili, wakaketi, wakapewa uji. Mwenyekiti alipomaliza kibuyu akasema kwa heshima kabisa, "Mama, kijiji kimekuja kukuomba." Sasa hapo mama angefanya nini? Mgeni yuko nyumbani kwako, amekunywa uji wako, hajakudharau, amekuomba. Mama akatazama mabati kupitia mlangoni. Akasema, "Mimi nani nikikatalie kijiji?" Wajumbe wakapiga makofi. Tata alitazama chini. Nadhani alifurahi na aliona haya kwa wakati mmoja, uso wake haukujua ukae vipi.

Rafu ya kwanza ilikuwa balaa. Tata aliamini rafu lazima iwe bapa, kama ya mbao. Akalilaza bati juu ya gogo, akaanza kuipiga migongo mpaka ilale. Kijiji kizima kilisikia. Watu walikuja kuuliza kama kuna msiba. Alivuta uzi uliopakwa mkaa, akapiga mstari, akatoboa matundu ya kufungia miguu kwa msumari mnene, tundu moja baada ya jingine, umbali uleule, kama mtu anayeshona. Tata akipima, amepima. Kisha likabebwa dukani, likawekwa, na mfuko wa chumvi ukawekwa juu yake.

Likalegea katikati kama tumbo la ng'ombe aliyekunywa maji mengi.

Muuza duka, kijana mwenye maneno, akapiga mluzi. "Fundi, hii ni rafu au ni machela? Tumlaze mgonjwa?"

Watu wakacheka. Tata akalibeba bati lake kichwani akarudi nalo, akalitupa nyuma ya nyumba. Mama alikuwa anaanika nguo. Alilitazama lile bati lililopondwa, lenye matundu, halafu akaendelea kuanika. Mimi nilitamani afoke.

Siku mbili Tata alikaa tu. Bati la pili alikuwa amelilaza juu ya mawe, upande mmoja umeinuka. Bibi alikuwa anapita, kopo lake la ugoro likamponyoka, likaangukia bati. Likalala ubavu ndani ya bonde la migongo, likabingirika krrrr mpaka chini, likasimama kwenye kidole cha mguu cha Tata.

Tata akalitazama.

"Mama," akasema, "liangushe tena."

"Niliangushe? Ugoro wangu utamwagika!"

"Liangushe, mama, tafadhali."

Bibi akaliachia. Krrrr. Likafuata njia ileile, likasimama palepale. Tata akainuka akaanza kutembea, anaongea peke yake Kikurya na Kiswahili vimechanganyika. Akaona jambo ambalo, akishakueleza, unashangaa kwa nini hakuna aliyeliona: migongo ya bati haikuwa adui. Migongo ndiyo nguvu yake, hailegei. Na mabonde yake ni njia. Ukiliinamisha kidogo, nyuma juu, mbele chini, ukakunja ukingo wa mbele uwe kizuizi, kopo la mafuta ukiliweka nyuma linajileta mbele lenyewe. Mteja akichukua moja, jingine linakuja. Betri za tochi, hivyohivyo. Chupa, hivyohivyo. Miche ya sabuni inalala kwenye mabonde bila kugusana, haigandani.

Ili kupata miguu ya rafu, alikunja bati pembeni likawa na kona, akalikata ulimi, akatoboa kitundu cha kupokea ulimi, hivyo rafu nzima ilifungwa bila msumari na ingeweza kufunguliwa. Pembeni akaongeza mkono wa bati uliozungushwa kama bomba, wa kutundikia kanga, ili mwanamke anayenunua aone maua yote bila kumwomba muuza duka azikunjue. Ilikuwa nzuri. Nasema kweli, ilikuwa nzuri, na mimi niliyekuwa na hasira kwa ajili ya mama nilijikuta naitamani, natamani nami ningezaliwa na kichwa cha namna hiyo. Ilikula mabati yote yaliyobaki.

Muuza duka peke yake ndiye ambaye hakuifurahia. "Mzee," alimwambia Tata, "duka likiwa wazi hivi, mimi nitaficha wapi?"

"Kwani unaficha?"

"Aa, siyo kuficha. Kutunza." Sukari ikija, yeye huitunza chini ya meza, na kila mtu anajua inatunzwa kwa ajili ya nani.

Lakini hata hilo halikuwa na maana, kwa sababu hapakuwa na cha kuficha. Lori la ushirika lilikuwa likija linapotaka. Rafu iliposimama dukani, ndefu, inang'aa, ngazi tatu, kilichowekwa juu yake ni chumvi, viberiti, nyembe, na kopo moja la mafuta ya kupikia. Zamani, rafu za mbao zikiwa gizani, hukujua kama duka lina kitu. Ulimuuliza muuza duka, akakujibu. Sasa ulifika mlangoni ukaliona pengo lote. Watu walikuja kuliweka lile kopo moja nyuma ili wasikie linavyobingirika. Krrrr, tak. "Limefika," wanasema, wanacheka, wanarudi nyumbani bila mafuta.

Mawingu yakaanza kukaa upande wa Kemambo kila alasiri. Mama akaanza kulalia upande mmoja wa kitanda, ule ambao nyasi juu yake zilikuwa nene kidogo.

Kisha habari ikaja: mgeni wa wilaya anafika keshokutwa. Mwenyekiti akaitisha mkutano. Akasema rafu ya fundi wetu ni fahari ya kijiji, lakini rafu tupu ni aibu, ni kama kumkaribisha mgeni kwenye sahani isiyo na chakula. Basi kila nyumba ilete kitu. Chochote kilichomo ndani: mche wa sabuni, majani ya chai, kopo, chupa. Vitapangwa, mgeni ataona, akiondoka kila mtu atachukua chake.

Kwetu hilo halikuonekana la ajabu. Mgeni akija nyumbani na huna kiti, unaazima kwa jirani. Huna kuku, unaazima kuku. Jirani hasemi, na mgeni haambiwi. Kijiji kilifanya kile ambacho kila nyumba ingefanya.

Vitu vilivyotokea, sikujua kama vilikuwepo kijijini. Sabuni za kuogea zenye harufu. Makopo ya kakao. Vingi vilikuwa vimepita mpakani Sirari bila kupiga hodi, na muuza duka alikaa asubuhi nzima akigeuza maandishi yaelekee ukutani. "Hili la Nairobi, geuza. Hili nalo la Nairobi. Jamani, hakuna hata mmoja aliyenunua kitu nchini mwake?"

Mama alileta kopo la mafuta alilopewa na dada yangu. Bibi alikataa katakata kutoa ugoro, halafu akaja mwisho akaliweka kopo lake mwenyewe ngazi ya juu. "Lipate heshima yake," akasema. "Ndilo fundi wa kwanza."

Rafu ilijaa. Tata alipanga kila kitu kwa mkono wake, makubwa chini, madogo juu, na zile kanga zilizoazimwa kwa akina mama zilining'inia pembeni kama sikukuu. Alirudi nyuma hatua chache akaitazama. Sijawahi kumwona Tata akitazama kitu hivyo. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na Tata akamgeukia, akamwambia polepole, "Nyumba yako hiyo. Ngoja uone."

Mgeni alikuwa mtu mpole. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia nikashindwa. Alivaa suti ya kaunda, aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja. Mbele ya rafu alichukua kopo moja, na jingine likaja. Krrrr, tak. Akashangaa. Akachukua jingine. Krrrr, tak. Akacheka kama mtoto, akarudia, akawaita alioongozana nao waje waone. "Nani ametengeneza hii?" Tata akasukumwa mbele. Akaeleza migongo, mwinamo, ndimi za bati, sauti inatetemeka lakini mikono inasema vizuri.

Mgeni akaniona na sketi yangu ya shule. "Wewe mwanafunzi, duka lenu huwa zuri hivi siku zote?"

Watu wote wakanigeukia. Mimi hata darasani mwalimu akinitaja jina masikio yanaziba. Nilifungua mdomo, na sijui mpaka leo ni neno gani lilikuwa linakuja, kwa sababu mwenyekiti alishajibu: "Ana haya huyu, ndugu. Siku zote, siku zote."

Baadaye mgeni akasimama kwenye kiti akahutubia. Alisema amezunguka vijiji vingi akakuta maduka matupu na watu wamekata tamaa. Hapa amekuta sabuni, amekuta mafuta, amekuta mpaka kakao. Hii ndiyo kujitegemea. Watu wakapiga makofi. Akasema fundi huyu ni hazina, na makofi yakazidi. Kisha akasema, "Nilikuwa na mgao mdogo wa mabati, na nilikuwa natafuta kijiji chenye shida kuliko vingine. Nimeona kwa macho yangu. Ninyi mmeshatoka kwenye shida. Mgao huo nitaupeleka kwa wenzenu upande wa Machochwe, na najua hamtawaonea wivu."

Mwenyekiti alianza kupiga makofi kwa sababu sentensi ilikuwa imekwisha, na watu wakamfuata kwa mazoea. Tata naye aliinua mikono. Nilimtazama. Mikono ilikutana mara moja, kisha ikabaki imeshikana mbele ya kifua, haipigi tena.

Nani angesema? Mwenyekiti angesema nini, kwamba vitu hivi tumeazima? Muuza duka angesema vya Nairobi? Tulisimama pale, kijiji kizima chenye akili, tukamwangalia mgeni akiagana na kila mtu kwa mkono. Alimpa mama mkono pia. "Hongera, mama, kwa mume mwenye akili." Mama akasema, "Ahsante, ndugu."

Gari lilipopotea kilimani, watu waliingia dukani wote kwa pamoja. Sabuni zote zinafanana. "Hii yangu, ina alama ya jino!" "Jino la nani?" "La panya wangu, namjua!" Kanga ilivutwa huku na huku. Bibi alipasua watu katikati akatoka na ugoro wake. Mama alingoja mpaka kelele zikaisha. Alipoingia, ngazi zote zilikuwa tupu na kopo lake lilikuwa limekwenda na mtu. Alitoka, akatazama juu, akasema tuanue nguo.

Tata alikwenda kwa mwenyekiti. Nilimsindikiza mpaka nje ya mlango. Alimwomba rafu ifunguliwe, bati lirudi, hata kama limekatwa, angeunganisha vipande. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameinama, anakuna goti. "Fundi, ile sasa ni mali ya kijiji. Mgeni ameiandika. Akirudi asiikute, nitasemaje?" Kisha akasema, "Pole sana, mura," yaani kijana, kwa sauti ndogo, kama vile Tata alikuwa mdogo wake aliyefiwa.

Lilibaki bati moja. Lile la kwanza, lililopondwa bapa, la matundu. Tata alilitoa nyuma ya nyumba, akaling'oa magugu, akapanda juu ya kibanda, akalilaza juu ya nyasi sawa na kitanda cha mama. Aliziba matundu kwa utomvu na vitambaa. Alikaa juu kule muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

Mvua ya masika ilifika alasiri moja kabla sijarudi shule. Ilikuja kwa nguvu kutoka Kemambo, na lile bati likapiga ngoma mpaka hatukusikiana. Kwa muda lilishika, na nikamwona Tata, aliyekuwa ameketi mlangoni, ananyoosha shingo. Halafu kitambaa kimoja kikaachia. Kisha kinachofuata, na kinachofuata. Matone yakaanza kushuka juu ya kitanda, na yalishuka kwa mstari, yamenyooka, umbali uleule kati ya tone na tone, kuanzia kichwani mwa kitanda mpaka miguuni, kama alivyopiga uzi wake wa mkaa siku ile.

Mama alikunja godoro akaliegemeza ukutani. Akachukua sufuria, bakuli, kikombe, karai, akavipanga juu ya kamba za kitanda, kila kimoja chini ya tundu lake, mpaka mstari mzima ukatimia. Kifua kilikuwa kimeanza kumkamata. Akashika ukuta, akakohoa, akangoja kipite.

"Angalia," akaniambia, akionyesha vile vyombo kwa kidevu. "Hakuna hata tone moja lililokosea. Baba yenu anajua kupima."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, na hakuwa anamsema. Tata alisikia. Hakugeuka. Alibaki ameketi mlangoni, mikono katikati ya magoti, vyombo vinajaa nyuma yake kimoja kimoja.